Mpira na magenge hapa Malindi: tunawaokoa watoto au tunajidanganya?

#1 Kocha_Mchangani
Salaam wadau.

Huu ni mwaka wa saba nafundisha watoto mpira upande wa Maweni. Silipwi. Nina watoto kama 40, wa miaka 9 hadi 16. Jioni nne kwa wiki tunafanya mazoezi, Jumamosi asubuhi tunacheza mechi. Miaka yote hii neno langu kwa wazazi ni moja: mleteni mtoto uwanjani, aliyeshika mpira hashiki panga. Nimelisema msikitini, nimelisema kwa chifu, nimelisema mbele ya watu waliokuja kutupa jezi.

Juzi usiku wamekamatwa vijana watano kwa kupora simu na kumkata mkono mtu wa bodaboda. Wawili ni wangu. Mmoja alikuwa namba kumi yangu, ana mguu wa kushoto ambao sijauona kwa mtoto mwingine mji huu. Wa pili alikuwa golikipa. Wote wana miaka 16.

Tangu juzi usingizi umenipaa. Nawauliza ninyi mnaoishi haya: mpira unawatoa watoto kwenye magenge kweli, au wale wanaosalimika wangesalimika hata bila mimi? Sitafuti kufarijiwa.

#2 Tuktuk_Barani
Pole kocha. Ila wewe umehesabu wawili. Hebu tuhesabie na wengine. Miaka saba ni watoto mia na kitu wamepita mikononi mwako, wako wapi leo? Mimi mmoja wao namjua, yuafanya kazi gereji jirani na stendi, na kila nikipeleka tuktuk ananitajia jina lako.

#3 Hesabu_Tu
Pole kocha. Mimi nitajibu swali lenyewe kwa sababu umesema hutaki kufarijiwa.

Hesabu ya #2 haitufikishi mbali. Mtoto anayeamka Jumamosi alfajiri kwenda mechi, mara nyingi kuna mtu nyumbani aliyemwamsha na kumfulia jezi. Huyo pengine hangeingia kwenye genge hata kama angekuwa anacheza bao. Wale wa hatari zaidi huwa hawafiki uwanjani kabisa, au hufika wiki mbili wakapotea. Kwa hiyo ukiwaona wako wamenyooka huwezi kujua kama ni mpira uliowanyoosha au walikuja wamenyooka. Sisemi kazi yako ni bure. Nasema ushahidi tunaoutumia kuwashawishi wafadhili ni dhaifu.

#4 Bint_Shella
Kocha, hawa wawili waliacha lini kuja mazoezini? Na waliacha kwa nini? Nauliza kwa sababu umeandika "alikuwa" mara mbili.

#5 Kocha_Mchangani
@Bint_Shella umeona mbali. Ndiyo, walikuwa wameshaacha. Namba kumi aliacha baada ya kukosa karo ya sekondari, akaanza kubeba mizigo sokoni, jioni akawa amechoka. Nilimfuata mara mbili, kisha nikaacha kumfuata. Golikipa alipotea pole pole tu.

#6 Kisauni_Zamani
Nimesoma nikaingia chumbani nikakaa peke yangu kwanza. Naandika kwa sababu nilikuwa ndani.

Nimezaliwa Kisauni, Mombasa. Nikiwa na miaka 15 nilikuwa winga wa kulia kwenye timu ya mtaa, na kocha wetu alikuwa mtu mwema kama wewe. Mazoezi yalikuwa yakiisha magharibi. Narudi nyumbani, mamangu yuko kazini mpaka saa nne usiku, sufuria limefunikwa juu ya jiko na ndani hamna kitu. Natoka. Maskani kulikuwa na wakubwa, na wakubwa walikuwa wananunua viazi karai, mahamri na chai ya rangi kwa wote waliokaa. Hakuna aliyeniambia niibe. Kwa miezi mitatu nilikula tu. Siku ya kwanza kuombwa kitu niliombwa nisimame kwenye kona nipige mluzi nikiona gari la polisi. Ningekataaje? Nimeshakula miezi mitatu.

Na mchana wake niliendelea kwenda mazoezini. Huu ndio ukweli ambao watu hawaupendi. Nilikuwa kwenye timu na nilikuwa kwenye genge, vyote viwili, karibu mwaka mzima. Kocha hakujua.

Kilichonitoa ni kifo. Mwenzangu alipigwa na wananchi mpaka akafa, na mjomba wangu akaja usiku ule ule akanipandisha matatu kuja Malindi, akanifunza uashi. Sasa nina mafundi wawili chini yangu.

Kwa hiyo kocha swali langu ni dogo. Mazoezi yakiisha, watoto wako wanakula wapi?

#7 Mama_Watatu
@Kisauni_Zamani Mungu akulinde mwanangu. Nimelia.

#8 Mwalimu_wa_Zamu
Hapa tumefika kwenye saa. Sisi walimu tunajua shida haianzi mtoto akiwa darasani. Inaanza kati ya kengele ya mwisho na wakati mzazi anaporudi, halafu inaanza upya usiku.

Marekani walilifikiria hili zamani. Chicago mwaka 1989 walianzisha ligi za mpira wa kikapu usiku wa manane kwa vijana wa mitaa iliyoshindikana. Wazo lilikuwa wawe ndani ya ukumbi saa zile ambazo risasi hulia.

#9 Wakili_Mtaani
Masahihisho kidogo mwalimu. Chicago walifuata. Aliyeanza ni G. Van Standifer, mji wa Glenarden, jimbo la Maryland, mwaka 1986. Na masharti yake ndiyo yanayofaa kuangaliwa: wachezaji wa miaka 17 hadi 21, mechi isianze kabla ya saa nne usiku, na askari wawili wenye sare wawe ukumbini kila mechi. Hakuwaita watoto wa miaka 9. Aliwalenga walewale ambao kila mtu alikuwa akiwakimbia. Sisi hapa Malindi mtoto akifika miaka 17 tunamwambia umekuwa mkubwa, tupishe.

Mwaka 1994 jambo hilo liliingia hadi kwenye mjadala wa sheria ya uhalifu bungeni kwao, na wapinzani wakalifanyia kejeli sana, kwamba serikali inawanunulia wahalifu mipira.

#10 Hesabu_Tu
Na mwalimu asije akatwambia wizi ulipungua kwa sababu hiyo. Miaka ya 1990 uhalifu ulishuka Marekani nzima, kwenye miji iliyokuwa na ligi ya usiku na isiyokuwa nayo. Mpaka leo wanabishana nani apewe sifa.

#11 Mwalimu_wa_Zamu
Asante @Wakili_Mtaani kwa masahihisho. @Hesabu_Tu sijasema, lakini nilikuwa njiani kusema.

Kuna kitu tunacho wenyewe hapa na hatukipi jina. Ligi za Ramadhani. Baada ya tarawehe taa zinawashwa, mitaa yote inatoka, mechi zinakwenda mpaka karibu na daku. Mimi nakaa mtaa wa Ngala na nimeishi hapo miaka 14. Mwezi wa Ramadhani natembea saa sita usiku na simu mkononi. Shawwali ikiingia naificha.

#12 Tuktuk_Barani
Mwalimu hilo ni kweli, lakini sababu si mpira. Ramadhani mji mzima uko macho. Kina mama wako barazani, maduka yako wazi, mpaka watoto wadogo wako nje. Mwizi atampora nani na shangazi yake yuamwona? Na Ramadhani hakuna anayelala na njaa, kila msikiti una futari. Ukiondoa mpira ukabakisha futari na macho ya watu, nadhani utapata usalama ule ule.

Mimi naendesha usiku, nawaambia ninachokiona. Hatari hupanda mwezi wa nne mpaka wa sita. Mvua, hoteli zimefungwa, watalii wa Kiitaliano wameondoka, vibarua wameachishwa. Mwezi wa kumi na mbili wageni wakirudi hao hao vijana nawaona wamebeba trei. Mkitaka kumtoa kijana kwenye genge mpeni kazi mwezi wa tano.

#13 Mzee_Kobe
Assalaam aleikum wanangu. Nimewasoma wote. Mwasema njaa, mwasema saa, mwasema kazi. Sisi njaa tuliijua kuliko ninyi. Hatukukatana mapanga. Mtoto alikuwa wa mtaa, yeyote mkubwa akikuona umekosea akuchapa, na ukifika nyumbani wachapwa tena kwa kumchosha mtu wa watu. Leo ukimkanya mtoto wa jirani, mamake aja mlangoni na kanga kiunoni. Tatizo ni malezi.

#14 Bint_Shella
Shikamoo mzee. Nakuheshimu, lakini hao wanaokatana mapanga wengi wamechapwa sana. Nimefanya kazi na watoto wa mtaani, na sijakutana na mmoja aliyekimbia nyumbani kwa kukosa fimbo.

#15 Mzee_Kobe
Marahaba mwanangu. Umenijibu kwa adabu nami nimesikia. Nilisema fimbo, pengine nilitaka kusema macho, kama alivyosema huyo wa tuktuk. Tulikuwa twaonwa.

Na viwanja tulikuwa navyo. Nikianza kuvihesabu vile tulivyochezea sisi utotoni vidole vya mkono mmoja havitoshi. Leo vingi vina ukuta na geti, ndani yake mbwa na swimming puli ambayo hakuna anayeogelea miezi minane. Hao watoto mwawataka wacheze wapi?

#16 Tuktuk_Barani
Mzee hapo umesema. Sisi tulibaki na uwanja wa Alaskan na vipande vya mchanga. Nakumbuka tulikuwa tukienda kuruka baharini upande wa mnara wa Vasco da Gama, kwa sababu bahari ndiyo kiwanja pekee ambacho hakina hati.

#17 Nahodha_Lamu
Jirani zenu wa Lamu tunawasoma. Mwaka jana nilikuja Malindi kwa harusi nikaangalia mechi moja mtaani. Refa alikimbizwa mpaka akaingia kwenye tuktuk. Labda ilikuwa ya huyu bwana wa #2.

Nikirudi kwenye jambo lenyewe, mbona michezo yote mnayoitaja ni mpira wa miguu? Kwetu wakati wa Maulidi kuna mbio za punda na mashindano ya majahazi. Mtoto anayefunzwa tanga hana budi kukaa na watu wazima. Chomboni hakuna timu ya watoto peke yao, yupo nahodha, wapo mabaharia, na yeye ni wa kukumba maji yaliyoingia chomboni. Uwanjani kwenu ni watoto 40 na mtu mzima mmoja. Mimi naona dawa ni hao watu wazima.

#18 Tuktuk_Barani
Refa hakuwa kwangu, lakini mechi hiyo naijua. Na penalti ile haikuwa penalti.

#19 Mwalimu_wa_Zamu
Nahodha amenikumbusha Aisilandi. Mwaka 1998 vijana wao wa miaka 15 na 16 waliosema wamelewa mwezi uliopita walikuwa asilimia 42. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 5. Walijaza watoto kwenye michezo na muziki, na mji mkuu ukawapa wazazi kadi ya kulipia michezo ya watoto.

#20 Wakili_Mtaani
Takwimu zako ni sawa, ila mambo mawili. Kwanza hiyo ni pombe na sigara na bangi, si magenge ya mapanga, tusizichanganye. Pili, michezo ilikuwa kipande kimoja tu. Waliweka sheria ya watoto kutokuwa nje usiku, wazazi wakatia sahihi mikataba kati yao na shule, wakawa wanazunguka mitaa kwa zamu jioni za Ijumaa. Na makocha wao ni watu waliosomea na wanalipwa. Sisi tunachukua kipande cha mpira peke yake, tunampa Kocha_Mchangani asiyelipwa, kisha tunashangaa.

#21 Mdau_Gede
Nchi za watu ziko mbali. Mathare kule Nairobi je? MYSA, chama cha michezo cha vijana wa huko, kimeanza 1987, na tangu mwanzo mpira haukuwa peke yake. Timu ikitoka kuzoa taka mtaani inapata pointi kwenye msimamo wa ligi. Mwaweza kufunga mabao mkakosa kombe kwa sababu hamkushika fagio. Na pia kuna tuzo za uongozi zinazolipa karo ya mtoto anayejitolea, hata kama si fundi wa mpira. Kutoka hapo ikazaliwa Mathare United mwaka 1994, ikachukua ubingwa wa Kenya 2008.

Na mbona uzi mzima ni wavulana? Kaunti yetu hii hii ya Kilifi wako Moving the Goalposts tangu 2001, wasichana wanacheza, wanachezesha kama marefa, wanaendesha ligi wenyewe, wanazungumza mambo ya miili yao bila mwanamume kuwakatiza. Magenge yana wasichana pia. Ndio wanaohifadhi simu zilizoibwa, ndio wanaotumwa kumwita mtu atoke nje. Mpwa wangu alianza hivyo, kwa kumfichia mpenzi wake mfuko kwenye sanduku la nguo. Hakuna kocha aliyewahi kumwuliza kama anapenda kucheza.

#22 Hesabu_Tu
@Mdau_Gede hilo la pointi za taka limenivutia kuliko yote humu. Maana linampa nafasi mtoto asiyejua mpira.

#23 Kaka_wa_Teja
Mimi nitasema fupi. Kaka yangu alikuwa mchezaji, mzuri, na unga, yaani heroini, ukamla. Malindi kuna Omari Project ya kuwasaidia mateja tangu 1995 kwa sababu shida hii ni ya zamani, na hospitali yetu ilianza kutoa methadone, dawa ya kumwachisha mtu unga, 2015. Hapo ndipo alipopona, kila asubuhi foleni, kikombe kile kidogo. Mnaongea magenge kana kwamba vijana wanapora ili wapate viazi. Wengine wanapora kwa sababu mwili unauma na lazima wapate kitu kabla ya adhuhuri. Huyo hata ukimpa kiwanja cha dhahabu hatacheza, yuatetemeka.

#24 Kisauni_Zamani
@Kaka_wa_Teja kweli tupu, na nimefurahi kaka yako yuko hai. Lakini wa miaka 16 niliowajua mimi walikuwa hawajafika huko. Walikuwa kwenye bangi na muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa.

#25 Mwalimu_wa_Zamu
Muguka uko kila kona. Kaunti yetu na Mombasa ziliupiga marufuku Mei 2024, mahakama ikasimamisha, na wiki hiyo hiyo wanafunzi wangu walikuwa nao mifukoni.

#26 Mpenda_Amani
Kuna jambo hamjaligusa. Timu zenyewe zinageuka magenge. Kwetu, jina la mtaa nalihifadhi, tulikuwa na timu nzuri ya vijana. Mwaka wa uchaguzi akaja mtu na jezi, mipira, na ahadi. Baada ya jezi ikawa "njooni kwenye mkutano". Baada ya mkutano ikawa "mkae kando ya jukwaa". Kisha mkaambiwa wale wa upande ule wasipite. Kocha alikataa, wakamwondoa wakaweka mwingine. Uchaguzi ukaisha, yule mtu hakuonekana tena, na sisi tulikuwa na vijana 20 wenye umoja, wenye mazoezi, wenye jina moja na wasio na kazi. Mnajua kilichofuata.

Genge linahitaji vitu gani? Jina, rangi, mtaa wa kulinda, adui wa mtaa wa pili, na mkubwa wa kutii. Timu ya mtaa ina vyote hivyo. Nampenda sana mpira na ndiyo maana nasema.

#27 Nahodha_Lamu
Hii ya #26 imenikaa. Na mimi niliyefanya mzaha kuhusu refa kukimbizwa, nauondoa. Ni mambo yale yale yanayoanzia hapo.

#28 Mdau_Gede
Kuna watu Rio, Brazil, mtaa wa Maré, walianza mwaka 2000 kufundisha ndondi vijana wa maeneo ya magenge ya dawa. Wanaitwa Fight for Peace. Pamoja na ndondi kuna masomo, kuna kutafutiwa kazi, kuna mtu wa kuongea naye. Watu waliuliza mnawafunzaje kupiga watoto ambao tayari wanapiga. Jibu lao kwa vitendo ni kwamba kijana wa genge ndondi inamvuta, na asipovutwa hutapata nafasi ya kumpa hayo mengine.

#29 Mzee_Kobe
Mimi mtoto wangu simpeleki kwenye ngumi.

#30 Mama_Watatu
Nimesubiri ninyi wasomi mmalize. Mimi ni mama, nauza samaki wa kukaanga, na nina jambo moja.

Mtoto wangu wa kati alikuwa akicheza mpira, si kwa kocha huyu, kwa mwingine. Hajui sana. Ni mzito, na miguu yake yaenda ndani. Lakini alikuwa akiipenda ile timu mpaka jezi alilala nayo. Nilikuwa nikimwamsha, nikimfulia, hayo aliyoyasema #3. Likaja kombe fulani, wakatakiwa watoto 18. Jina lake halikuwamo. Jumamosi hiyo alivaa akaenda, akakaa nje ya chaki tangu asubuhi mpaka jioni. Jumamosi ya pili akaenda. Ya tatu hakwenda, akasema kichwa kinauma. Nikamwamini, nilikuwa na foleni ya wateja.

Baada ya miezi akaanza kurudi saa tano usiku. Nikamwuliza uko na nani. Akaniambia, "Mama, hao hawachagui."

Neno lile sijalisahau. Genge lilimtaka na miguu yake hivyo hivyo. Nilimpeleka kwa dadangu Mambrui, sasa yuko na mjomba wake kwenye nyavu, na namshukuru Mungu. Lakini nawaambia makocha mnaosoma hapa, yule mtoto mnayemwacha nje mnajua ameenda wapi?

#31 Bint_Shella
Mama, shikamoo. Naweka kila kitu kando nisome tena ulichoandika.

#32 Hesabu_Tu
Nilichosema kwenye #3 nakirekebisha. Nilisema walio hatarini hawafiki uwanjani. Mama anasema wanafika, wanapenda, halafu tunawachuja wenyewe. Hilo sikuwa nimelifikiria.

#33 Tuktuk_Barani
Lakini jamani kombe bila kuchagua haliwezekani. Ukiwachezesha wote mtafungwa kumi, na wale mafundi nao watahama. Namba kumi hakuachwa na mtu, aliachwa na karo. Mama ana haki kwa mtoto wake, ila tusiseme hiyo ndiyo sababu ya wote.

#34 Mpenda_Amani
Pointi za taka za #21. Weka na pointi za kila mtoto aliyecheza angalau dakika 20.

#35 Kocha_Mchangani
Nimesoma yote mara mbili. Nina deni kwenu.

Kwenye #5 niliandika golikipa "alipotea pole pole tu". Si kweli, na nilijua si kweli nilipokuwa naandika. Mwaka juzi tulialikwa kwenye mashindano Kilifi mjini. Gari lilikuwa na nafasi 18. Alikuja mtoto mpya mrefu kutoka Muyeye, anadaka vizuri kuliko yeye. Nikamwambia yule wangu, wewe utabaki ulinde koni na mipira ya mazoezi, ni kazi kubwa hiyo. Akasema sawa kocha. Tuliporudi na kombe nilikuta koni zimepangwa vizuri nyuma ya mlango wa nyumba yangu, na yeye hakurudi tena. Sikumfuata. Yule namba kumi nilimfuata mara mbili kwa sababu nilimhitaji.

@Kisauni_Zamani kuhusu chakula: sijui wanakula wapi. Miaka saba, sijawahi kuuliza.

#36 Kisauni_Zamani
Kocha, sufuria moja la uji wa mahindi na njugu halinishindi. Jumatatu na Alhamisi niachie mimi. Mafundi wangu watabeba.

#37 Mama_Watatu
Kocha, Mungu akupe nguvu. Si wewe uliyemfanyia mwanangu, usijitwike na hilo.

#38 Wakili_Mtaani
Kocha, kuhusu hao wawili. Wana miaka 16, kwa hiyo kisheria ni watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 inataka kesi zao zishughulikiwe kwa njia inayowafaa watoto, wasiwekwe chumba kimoja na watu wazima, na wapate wakili. Sheria hiyo pia imeweka njia ya kumwondoa mtoto kwenye mkondo wa kesi akikiri na akiwa na watu wa kumsimamia, ingawa kwa jambo lenye majeraha makubwa msitegemee kuwa rahisi. Afisa wa probesheni ataulizia nyumbani na mtaani. Mtu kama wewe akijitokeza kusema namjua mtoto huyu tangu ana miaka 9, na nitakuwa naye kila jioni, lina uzito. Wazazi waende kwa afisa wa watoto kesho asubuhi, wasingoje siku ya kesi kutajwa mahakamani.

Na yule wa bodaboda aliyekatwa mkono anaendeleaje? Hakuna aliyemwuliza humu ndani.

#39 Tuktuk_Barani
Ametoka hospitali. Vidole viwili havijakunjuka. Ana watoto wanne. Tumeanza mchango hapa stendi, na mdogo wake mimi nimempa zamu kwenye tuktuk yangu.

#40 Kocha_Mchangani
Kwanza nilikwenda kwa yule wa bodaboda. Nilikaa nje nusu saa kabla ya kubisha hodi. Alinipokea, nitaandika siku nyingine.

Kisha nilikwenda na mamake golikipa, tukaruhusiwa dakika chache. Namba kumi hakutaka kuniona, alitazama ukutani. Golikipa alikuja. Amekonda. Sikujua nianzie wapi, nikakaa kimya, naye akakaa kimya. Halafu akaniuliza Jumamosi tulicheza na nani. Nikamwambia na wale wa Mtangani. Akauliza ngapi ngapi. Nikamwambia mbili kwa mbili.

Akauliza, "Nani alikuwa golini?"